Nyaya za Betri Shingoni mwa Mkuu

Mwezi uliopita, katika msiba mmoja mjini Masasi, nilimsikia mtu mzima aliyewahi kuwa mtumishi wa Serikali akiwaambia vijana waliokaa naye jamvini kwamba dereva wetu wa zamani wa Newala aliachishwa kazi kwa sababu aliziuza nyaya za betri za gari la ofisi. Alilisema jambo hilo huku akimenya muwa, bila hata kuinua macho. Nilimkatiza. Nikaambiwa nitulie, hapa ni msibani. Nilitulia kwa heshima ya marehemu, si kwa sababu niliridhika. Kwa kuwa tulioshuhudia tumebaki wachache, naandika hapa yale niliyoyaona mwenyewe. Sitamtaja mtu kwa jina. Wahusika wanajijua.

Nilikuwa Afisa Ugavi wa idara moja ya Serikali pale Newala. Wajibu wangu ulikuwa kununua, kupokea, kutunza na kutoa vifaa, kuanzia karatasi hadi vipuri. Wenzangu waliniita Bwana Stoo, jina ambalo sikulipenda wala sikulikataa. Ofisi yetu ilijengwa ukingoni kabisa mwa uwanda, na ukisimama nyuma ya jengo uliliona bonde la Ruvuma lote limetandazwa chini yako. Mji ule unalitazama bonde la mto kila asubuhi na hauna maji ya kunawa uso.

Gari la idara lilikuwa Landrova ya petroli. Dereva wake alikuwa Mmakua wa Lulindi, mtu mrefu wa makamo, aliyelipokea likiwa jipya na kuliendesha mpaka likachakaa rangi. Kwa miaka mingi gari lile halikuwashwa kwa ufunguo. Nyaya za betri zilikuwa zimekauka, ngozi yake imepasuka na kufungwa kwa vipande vya mpira wa baiskeli, na kwenye vichwa vya betri pameota ukungu wa kijani. Ukigeuza ufunguo, stata ilitoa mlio mmoja mkavu, kisha kimya. Kwa hiyo dereva aliliegesha daima nyuma ya ofisi, pua ikielekea mteremkoni, na asubuhi aliliachia liviringike mpaka liwake lenyewe. Hakuna aliyeona ajabu. Madereva wote wa pale juu walifanya hivyo, na aliyeegesha gari lake tambarare alijulikana mara moja kuwa ni mgeni.

Kisha ikaja miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Maduka ya Masasi, yaliyokuwa yakiuza viberiti na ahadi, yalijaa bidhaa mpaka barazani. Wanunuzi binafsi wa korosho walipanda uwandani na magunia yao matupu. Na Serikali, kwa lugha ya nyaraka zake, ikaanza kupunguza mzigo. Idara yetu ilipokea maelekezo kwamba kamati itatoka mkoani kuja kukagua gari. Likiwaka kwa ufunguo na kutembea, litabaki. Lisipowaka, litatangazwa chakavu na kuuzwa kwa mnada, na nafasi ya dereva itafutwa pamoja nalo. Maelekezo hayakueleza zaidi. Mtu na mashine waliwekwa katika sentensi moja, tena mashine ikatangulia.

Dereva alikuwa karibu kufikia umri wa kustaafu. Akiufikia akiwa kazini, angeondoka na pensheni. Akipunguzwa kabla, angeondoka na mkono wa kwaheri, malipo ya mara moja tu. Alikuwa na binti aliyekuwa bado shule ya bweni, na hakuwa na shamba la mikorosho la kutosha kumlisha mtu. Alikuja akasimama kwenye mlango wa stoo, kofia mkononi.

"Bwana Stoo, gari si bovu. Injini nzima, giaboksi nzima. Ni nyaya tu. Nipatie nyaya, mimi nitaliwasha mbele ya kamati mpaka waseme basi."

"Umeomba kwa maandishi?"

"Nimeomba kwa maandishi, na sasa naomba kwa miguu."

Ombi lilikuwa halali. Nililiidhinisha, na tukateremka naye Masasi kwa gari lilelile, likiwa limewashwa kwa mteremko kama kawaida yake. Katika duka la vipuri karibu na stendi, mfanyabiashara alitutandikia nyaya za kila rangi, nene kwa kuzitazama. Dereva alichukua mmoja, akauparua ncha kwa ukucha, akachungulia ndani.

"Mzee, hii ni ngozi tupu. Nyama iko wapi?"

"Nyama iko buchani," alijibu mwenye duka. "Hapa ni dukani."

"Basi tuletee ya ng'ombe huyu huyu, lakini aliyelishwa."

Mwenye duka alicheka, akaingia nyuma, akatoka na nyaya nyingine, nzito, zenye shaba ya kweli na vibano vya risasi vilivyofinywa vizuri. Hizo ndizo tulizochukua, na hati zake zilikuwa sahihi.

Alizifunga palepale, chini ya baraza la duka. Naeleza alivyofanya kwa sababu baadaye ilisemwa kuwa alikuwa mzembe. Alianza kwa kufungua waya hasi, ule unaoshika bodi, ili spana isije ikagusa chuma na kurusha cheche. Kisha akafungua waya chanya. Kibano cha zamani kilivunjikia mkononi mwake kama biskuti, na kipande kingine kikabaki kimeng'ang'ania kichwa cha betri mpaka akakiondoa kwa bisibisi. Alimwaga maji ya moto aliyoomba kwa mama muuza chai, ukungu ule ukachuruzika, akavisugua vichwa vya betri kwa msasa mpaka vikang'aa. Aliikwangua bodi rangi na kutu mahali waya hasi unaposhikia, akisema kuwa chuma kisipogusana na chuma umeme haupiti. Akaufunga waya chanya kwanza, mpaka kwenye stata, na waya hasi mwisho. Akapaka grisi. Akaingia, akageuza ufunguo.

Gari liliwaka kabla hajauachia. Alilizima, akaliwasha tena. Akalizima tena, akaliwasha. Nilimkumbusha kwamba petroli ni ya Serikali.

"Samahani, Bwana Stoo. Nimesahau sauti yake."

Tuliporudi Newala, aliliegesha mbele ya ofisi, tambarare, mahali ambapo halijapata kusimama tangu nilijue. Watumishi walitoka kuangalia. Na Mkuu wa Idara naye alitoka.

Hapa inanilazimu nieleze jambo moja. Mkuu wetu alikuwa mtu wa Songea, Mngoni, na dereva alikuwa Mmakua; na baina ya watu wao kuna utani wa tangu vita vya mababu zao. Msomaji aliyekulia kwetu anajua utani ni nini. Mtani akikutukana, unacheka. Akichukua kitu chako mbele za watu, huruhusiwi kukasirika wala kumshitaki; unakwenda kwake na kitu kidogo, kuku au kibuyu cha pombe, unakigomboa chako, naye anakurudishia. Anakurudishia daima. Hilo ndilo linalotofautisha utani na wizi. Wawili hao walikuwa wakitaniana tangu siku Mkuu alipohamia. Utani ulikuwa mahali pekee ambapo dereva aliweza kumjibu Mkuu bila kusimama wima.

"Mla panya!" Mkuu aliita kutoka barazani, kwa jina ambalo Wangoni huwatania Wamakua. "Gari linawaka? Umeliwekea panya ndani likimbie?"

"Nimeliwekea Mngoni mmoja," dereva alijibu. "Nyie ndio mabingwa wa kukimbia. Mlikuja na mikuki, mkarudi mmebeba mbuzi wa wenzenu."

"Na babu yako tulimbeba pamoja na mbuzi. Alikuwa mwepesi kuliko beberu."

"Mlimbeba akawafundisha kunawa."

Ofisi nzima ilicheka, na Mkuu akacheka kuliko wote. Lakini niliona akiitazama boneti kwa muda mrefu kuliko utani ulivyohitaji. Wiki hiyohiyo nilikuwa nimeingia ofisini kwake kupata saini, nikamkuta na mnunuzi wa korosho kutoka nje ya wilaya, na nikamsikia akimwambia: "Msihangaike na malori ya watu. Msimu huu nitakuwa na usafiri wangu." Mkuu hakuwa na gari. Wakati ule nilidhani anajigamba.

Siku moja kabla ya kamati, dereva alikwenda nyumbani kula chakula cha mchana. Nilikuwa dirishani kwangu. Mkuu alitoka na spana, akafungua boneti, akafungua nyaya zote mbili. Hakujificha, alifanya mbele ya karani, mlinzi na mama mpika chai. Alizivaa shingoni kama mkufu, vibano vikining'inia kifuani, akazunguka uwanja akipiga kelele: "Nimemkata mla panya mishipa! Nimemkata mishipa!" Watu walishika mbavu. Mama mpika chai alipiga kigelegele. Dereva alipofika na kumwona katika hali ile, naye akacheka. Alicheka kwa dhati, nathibitisha, kwa maana lilikuwa tendo la utani lililofanywa kwa ufundi.

"Njoo ugomboe!" Mkuu alimwambia.

"Nitakuja jioni na mwanao, umlishe."

Jioni alikwenda kwa Mkuu na jogoo mwekundu aliyeletwa kutoka Lulindi. Aliporudi alipita kwangu, mikono mitupu.

"Amekurudishia?"

"Amempokea jogoo. Amesema kesho asubuhi."

"Kamati ni kesho asubuhi."

"Ndiyo maana amesema kesho asubuhi. Anataka kunitoa jasho kidogo mbele ya wageni."

Nilimwambia alalamike kwa maandishi. Akaniuliza kwa nani. Taarifa ya upotevu wa kifaa hupelekwa kwa Mkuu wa Idara, na Mkuu wa Idara ndiye aliyekuwa na kifaa. Basi nikamwambia nitadandia lori usiku huu, niende Masasi, nimgongee mwenye duka, ninunue nyaya nyingine kwa dharura, na kibali nitakitafuta baadaye. Katika utumishi wangu wote sikupata kutoa pendekezo lisilo la utaratibu kama hilo. Alishtuka.

"Bwana Stoo, usinifanyie hivyo! Ukinunua nyingine, utakuwa umemwambia mtani wangu kuwa ni mwizi. Mbele ya watu wa mkoani! Nitamtazama vipi?"

"Na usipowasha gari kesho?"

"Litawaka. Mtani haibi. Wewe huna watani, ndiyo maana unaogopa."

Sikwenda Masasi. Mwenye shida alikataa msaada, tena kwa sababu aliyoiona kuwa ya heshima.

Kamati iliwasili asubuhi, imechelewa kidogo na ina vumbi. Watumishi tulipangwa mstari. Gari lilikuwa tambarare mbele ya ofisi, kwa amri ya Mkuu, na boneti ilikuwa wazi. Mahali pa nyaya palikuwa na vichwa viwili vya betri vinavyong'aa, vimepakwa grisi vizuri, havijashikwa na kitu. Dereva alisimama kando yake amevaa shati lililopigwa pasi, anatabasamu.

"Washa," alisema mwenyekiti wa kamati.

Dereva alimtazama Mkuu. Mkuu alitazama mawingu.

"Nyaya za betri ziko wapi?" mwenyekiti aliuliza.

Nilitoka kwenye mstari. Nilisema, kwa sauti ya kusikika na wote, kwamba nyaya ziko kwa Mkuu wa Idara, aliyezifungua jana mchana mbele ya watumishi. Karani aliangalia viatu vyake. Mama mpika chai, aliyekuwa amepiga kigelegele, aliingia jikoni. Kisha Mkuu akaangua kicheko.

"Ndugu mwenyekiti, huyu ni Bwana Stoo wetu. Hana mtani duniani, kila kitu kwake ni upotevu wa mali. Huyu dereva ni mtani wangu. Mambo ya utani hayo, si ya kikao." Akageuka. "Hebu waambie mwenyewe, mla panya. Mimi nimekuibia?"

Kamati nayo ilianza kucheka. Wengi wao walikuwa na watani, waliujua mchezo.

"Mtani haibi, mzee," alisema dereva.

"Kwa hiyo nyaya hazikuibiwa?" mwenyekiti aliuliza.

"Hazikuibiwa, mheshimiwa."

"Basi zilete."

Sijapata kumwona mtu akisubiri kama alivyosubiri yule. Alimtazama Mkuu kwa uso wa furaha, mwili umeinama mbele kidogo, kama anayejua kwamba sasa hivi mkono utaingia mfukoni na mambo yote yatageuka kicheko. Alikuwa amecheka tusi, amecheka mkufu, ametoa jogoo. Sehemu yake yote alikuwa ameitimiza. Mkuu alitazama saa yake ya mkononi.

"Zitakuja," dereva aliiambia kamati. "Zinakuja sasa hivi."

"Kamati haina siku nzima," alisema mwenyekiti, na akamwelekeza katibu aandike kwamba gari haliwaki, na nyaya zake zimepotea zikiwa mikononi mwa dereva. Nilipinga. Niliambiwa kwamba dereva mwenyewe, alipoulizwa mbele ya mashahidi, amekana kuibiwa. Hilo lilikuwa kweli, na hapo ndipo ukatili wote ulipojificha. Alikuwa amesaini kuachishwa kwake kwa mdomo wake, kwa tabasamu, kwa kulinda jina la aliyekuwa akimwachisha.

Mchana kamati ilikaribishwa kwa Mkuu, nami kwa wadhifa wangu nililazimika kwenda. Wali ulikuwa mwingi na mchuzi ulikuwa mzuri. Mke wa Mkuu, ambaye namwondolea lawama kwa sababu hakujua lolote, alitusogezea bakuli la nyama.

"Karibuni, baba zangu. Huyu jogoo ameletwa na mtani wake mwenye nyumba, wa Lulindi. Watani wa huku wana upendo!"

"Sana," alisema Mkuu, akachukua paja.

Nilinawa mikono, nikaaga. Nilipopita mbele ya ofisi, dereva alikuwa bado amekaa juu ya bampa la gari. Aliniuliza kama Mkuu amesema lini atapita. Nilimjibu kwamba hajasema. Jua lilipoelekea kuzama, mlinzi alikuja kufunga geti, akamwomba atoke nje.

Barua ya kumpunguza ilikuja baada ya muda, ikitaja upotevu wa nyaya, na kwa sababu hiyo hata mkono wa kwaheri ukapunguzwa. Alirudi Lulindi. Binti akatolewa bweni. Gari lilipigwa mnada uwanjani pale pale, na kwa kuwa kila mtu aliambiwa haliwaki, watu waligoma kulitajia bei. Mkuu peke yake alinyoosha mkono.

Mimi ndiye niliyetakiwa kukabidhi. Siku ya makabidhiano nilifika na ufunguo na hati, nikamkuta Mkuu amekaa kwenye kiti barazani, na mbele ya gari amesimama dereva, amekonda, amevaa shati lilelile. Nilidhani amekuja kudai. La. Alikuwa ameitwa. Msimu wa korosho ulikuwa umeanza, Mkuu alihitaji mtu anayelijua gari, na alimjua mmoja tu. Kibarua, bila mkataba.

Mkuu aliingiza mkono chini ya kiti akatoa nyaya. Zilikuwa safi, bado zina grisi.

"Pokea mali yako, mtani. Nilisema nitarudisha. Sikusema lini."

Nilimwambia kwamba nyaya zile ni mali ya Serikali na zimeandikwa kuwa zimepotea, kwa hiyo haiwezekani ziwepo.

"Serikali imeniuzia gari kama lilivyo, Bwana Stoo. Nawe leta saini, tuachane. Wewe mla panya, mbona huchangamki? Umemsahau hata mwanangu jogoo? Alikuwa mtamu!"

Hapo ndipo utani ulipodai jibu, na wote tulilisubiri. Hata mlinzi alisogea. Dereva alichukua nyaya. Akafunga chanya kwanza, mpaka kwenye stata. Akafunga hasi mwisho, akaukaza, akaujaribu kwa mkono kama umeshika.

"Tayari, bosi," alisema.

"Bosi? Bosi ni nani? Mimi ni mtani wako. Nijibu!"

"Ndiyo, bosi."

Uso wa Mkuu ulibadilika. Alimtukana tena, tusi zito zaidi, la mama, ambalo katika utani lina jibu lake maarufu na kila mtoto wa Lulindi analijua. Dereva alifuta mikono kwa kitambaa, akaingia garini, akageuza ufunguo. Gari liliwaka mara moja. Mkuu alikwenda akakaa kiti cha mbele, akafunga mlango, akamgeukia.

"Basi cheka," alimwambia. "Nimesema cheka. Nakulipa."

Alicheka. Nilikuwa karibu na dirisha na nilimsikia. Kisha akaingiza gia, wakaondoka kwenda kubeba korosho.